Mjukuu Aliyetangulia: Kisa cha Mweka Hazina wa Chama, Nakuru

Pesa zote zilipatikana, na hilo ndilo lililowachanganya watu. Shilingi 29,400: vifurushi 14 vya noti, kila kimoja kimefungwa kwa mpira, vyote ndani ya leso kuukuu iliyopigwa mafundo mawili, na leso yenyewe imesukumwa chini kabisa ya begi la nguo za mama yake marehemu, begi lililokuwa chini ya kitanda. Hakuna hata noti moja iliyokuwa imetumika. Muhula ule ule mtoto wake wa mwisho alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na pesa zikabaki pale pale chini ya kitanda.

Nitamwita Mweka Hazina, kwa sababu ndivyo wenzake walivyomwita kwa miaka 9. Nimebadilisha mambo madogo madogo ili jirani asimtambue. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika kwa sharti moja: nisiseme kwamba alikuwa mgonjwa. Sharti hilo nililikubali kwa haraka, na imenichukua muda kuelewa uzito wake.

Chama chao cha akiba kina wanawake 22, wengi wao wachuuzi wa soko la Wakulima, na hukutana kila Jumapili alasiri huko mtaa wa Free Area. Ni chama cha Nakuru kweli kweli: Mkikuyu, Mluhya, Mkalenjin, Mkisii, Mluo, wote meza moja, na mezani ni Kiswahili tu. Kila mtu hutoa 500. Wote wakitoa zinakuwa 11,000. Jumatatu asubuhi mweka hazina huzipeleka benki, hurudi na stakabadhi, huibandika kwa gundi kwenye daftari kando ya hesabu ya jana yake. Kwa miaka hiyo yote haikupotea hata shilingi. Halafu, wiki ya tano baada ya kumzika mama yake, stakabadhi ikasoma 8,900.

Naye akaibandika. Hilo nimeliona kwa macho yangu, maana katibu aliniletea daftari ndani ya kiondo. Ukurasa wa kushoto, kwa mwandiko wake wa tarakimu zilizonyooka: 11,000. Ukurasa wa kulia, stakabadhi ya benki, pembe zote nne zimeshikwa gundi vizuri: 8,900. Wiki iliyofuata vivyo hivyo, na iliyofuata. Wiki 14. Anayeiba hufuta, huchana, husema karatasi ililowa mvua. Huyu alichukua pesa na kuuacha ushahidi mahali pake, na kwa kuwa watu walimwamini, hakuna aliyefungua. Jumapili iliyofuata stakabadhi ya 14 alisimama katikati ya mkutano, midomo imemkauka, akawauliza, "Kwani nyinyi hamkagui daftari? Mnamwachia mtu mmoja pesa zenu zote namna hii?" Katibu alilichukua daftari ili kumtuliza tu. Dakika 10 zilitosha.

Wenzake wanampenda, na walimfanyia jema walilolijua. Walimtoza faini ya 5,000, wakamshika mikono, wakamwombea. Mmoja alisema ni shetani alimjaribu, mwingine akasema msiba humvuruga mtu. "Yamekwisha, mama," wakamwambia. Hayakuisha. Katika zile wiki 14 za kuiba alikuwa akilala usingizi wa mtoto. Hili aliniambia kwa aibu kubwa kuliko aibu ya wizi wenyewe. Usingizi ulikatika usiku aliosamehewa. Akamwendea mwenyekiti mara tatu akitaka apelekwe kituo cha polisi. Hapo ndipo katibu alipomleta kwangu, mimi mshauri.

Wahenga wametuambia majuto ni mjukuu, na kila mtu anajua mpangilio wake: kosa kwanza, majuto baadaye. Kwa mama huyu mpangilio ulipinduka. Alipoiba alitulia, aliposamehewa akaanza kuungua. Mjukuu alimtangulia bibi, na mtu yeyote anayetaka kukielewa kisa hiki inabidi aeleze jambo hilo moja.

Ukimpeleka kwa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hapatikani. Katika kitabu cha saba cha Maadili ya Nikomako yumo mtu anayejua lililo jema na bado akalitenda baya kwa kuzidiwa na tamaa: anajua hafai kula, harufu inamvuta, anakula. Huyo sote tunamjua. Lakini mweka hazina wetu hakuzidiwa na tamaa yoyote, hakula hata senti. Ukimpeleka mahakamani pia mambo yanakuwa magumu. Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 268, huhesabu kuwa ni wizi hata mtu akichukua pesa kwa nia ya kuzitumia apendavyo kisha azirudishe. Hapa nia ya kuzitumia haikuwepo. Palikuwa na kuchukua, kuficha, na kungoja kukamatwa.

Lugha yetu inanisumbua kidogo hapa. Kiswahili kinatumia neno sababu kwa mambo mawili. Nikiuliza kwa nini paa limeanguka, sababu ni upepo. Nikiuliza kwa nini umeuza ng'ombe, sababu ni karo. La kwanza ni chanzo tu, la pili ni hoja ambayo mtu anaweza kusimama na kuitetea. Mwaka 1982 mwanafalsafa Mmarekani Donald Davidson aliandika kuhusu vitendo visivyo na mantiki, akasema yapo mambo ndani ya akili ya mtu yanayomsukuma kutenda bila kuwa hoja ya kile anachotenda, na kwamba Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchanganuzi wa nafsi, alikuwa sahihi kudai akili ya mtu mmoja ina sehemu ambazo hazisikilizani. Nilipomuuliza Mweka Hazina kwa nini alichukua, alifungua mdomo, akatafuta, akasema, "Sababu ilikuwepo, lakini si yangu ya kusema." Sijapata kusikia maelezo mafupi zaidi ya nadharia ile.

Katika kikao cha pili alinisimulia usiku ule.

Mama yake alipata kiharusi kijijini, Kakamega, akaletwa Nakuru kwa kuwa binti ndiye aliyekuwa na chumba cha ziada. Kwa miezi 19 alimwosha, akamlisha uji, akamgeuza asipate vidonda vya kulala, na alfajiri yuko sokoni. Kiharusi kilikuwa kimechukua maneno. Mama akitaka kitu aligonga kijiko kwenye kikombe cha bati: mara moja, maji, mara mbili, kugeuzwa, mfululizo, maumivu. Usiku mmoja wa Februari, baada ya kushinda akishusha magunia ya viazi kutoka Molo, Mweka Hazina alisikia kijiko. Mara mbili. Akabaki amelala, macho yako wazi gizani. "Nikasema moyoni, Mungu, mchukue tu, na mimi nipumzike." Kijiko kikagonga tena mara mbili, kikanyamaza. Alfajiri alimkuta amekwenda.

Walimzika nyumbani. Siku mbili baadaye, ndugu zake wakiwa hawajanyolewa nywele za matanga, yeye alipanda gari kurudi Nakuru. Alisema hesabu za chama zinamngoja.

Nami nikafanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilimwambia walichomwambia wote: "Dada, ulichoka. Kuomba kupumzika si kuua. Huna hatia." Nilidhani nampa maji. Alinishukuru kwa adabu, akafunga kitambaa chake, akaondoka, na hakurudi kwa wiki tatu. Aliporudi, kwa kusukumwa na katibu, aliniambia, "Nilikuja nikijua wewe utanisikia. Na wewe ukanisamehe kabla hujasikia."

Katika wiki hizo tatu nilirudi kwenye maandishi niliyokuwa nimeyasoma kwa ajili ya mtihani tu. Mwaka 1913, katika kitabu chake kuhusu totemu na mwiko, Freud aliandika habari za mke aliyefiwa na mume na binti aliyefiwa na mama, ambao baada ya kuuguza kwa uaminifu huanza kujitesa kwa swali kama uzembe wao ndio uliomuua mpendwa wao. Ukiwatajia yote waliyofanya hawapoi. Freud akasema hawapoi kwa sababu hawajilaumu bure kabisa: palikuwa na kitu ndani yao, wasichokijua au wasichotaka kukijua, ambacho kifo kile hakikukichukiza. Upendo wa kweli na matakwa ya kifo vimelala kitanda kimoja.

Miaka mitatu baadaye aliandika insha fupi kuhusu aina za tabia alizokutana nazo katika kazi yake, na sehemu ya mwisho inazungumzia watu wanaotenda kosa kwa sababu ya hatia. Walikuwa watu wa heshima zao. Walitenda jambo lililokatazwa hasa kwa kuwa limekatazwa, na walipolitenda walipata nafuu, kwa maana ile hatia iliyokuwa ikiwaelemea bila kujulikana imetoka wapi sasa ilikuwa na mahali pa kushika. Freud akataja kwamba rafiki yake alimwonyesha kuwa mwanafalsafa Mjerumani Nietzsche aliwahi kumwona mhalifu wa namna hiyo. Yeye mwenyewe aliipeleka hatia ile hadi utotoni, kwenye tamaa ya mtoto ya kumwondoa baba na kubaki na mama. Mimi sikuhitaji kwenda mbali hivyo. Februari ilitosha.

Tena sisi tuna neno ambalo Freud angelifurahia. Tunasema nafsi yanisuta. Kusuta si kulaumu tu. Anayekusuta anakujia uso kwa uso, amekuja na shahidi, anataka ukiri mbele za watu. Upande ule wa nafsi ambao mwaka 1923 Freud aliupa jina la Mimi wa Juu hufanya kazi hiyo hiyo, ila mbele yake hakuna mlango wa kufunga. Na mwaka 1930 aliongeza jambo ambalo naona ndilo kiini cha kisa hiki: mbele ya msutaji huyo wa ndani, kutaka na kutenda ni kitu kimoja, kwa kuwa hakuna kinachoweza kufichwa kwake. Mweka Hazina alikuwa ameshahukumiwa kwa kuua. Hukumu imetolewa, adhabu haijaja. Ndipo akajitafutia kesi ndogo, yenye stakabadhi, ambayo wanadamu wanaweza kuiamua. Chama kilipoisamehe ile kesi ndogo, kilimnyang'anya mahali pekee alipokuwa ameitundika kubwa.

Hapo falsafa inarudi, na inarudi na kitu ambacho uchanganuzi wa nafsi hauna. Kutofautisha kutaka na kutenda ndiyo kazi ya kwanza ya maadili. Asiyeitofautisha hawezi kuhukumu kwa haki hata kidogo. Kwa hiyo msutaji wa ndani, pamoja na ukali wake wote, si hakimu mzuri. Watu wengi wa dini na wa vitabu huchukulia dhamiri inayouma kuwa ndiyo dhamiri safi. Mimi sikubaliani nao tena. Inaweza kuuma sana na kuwa imekosea hesabu.

Lakini waliomwambia huna hatia, mimi nikiwa mmoja wao, tulikosea upande wa pili. Mwaka 1925 Freud aliandika kurasa chache kuhusu kama mtu anawajibika kwa uovu anaouota. Ungetarajia daktari wa akili amwachilie mgonjwa wake. Hakumwachilia. Alisema bila shaka anawajibika: kama ndoto haikuletwa na pepo wa kigeni, basi ni sehemu yangu, na nikijitetea kwamba kilichofichika ndani yangu si mimi, nimeacha kuzungumza ukweli. Akawaachia wanasheria wachore mpaka wao mwembamba kwa shughuli zao. Nilipolisoma hilo tena ndipo nilipoelewa sharti la Mweka Hazina. Homa haina mwenyewe. Ukimwita mgonjwa, unachukua yale matakwa ya usiku ule unayaweka nje yake, na pamoja nayo unachukua miezi 19 ya upendo ambayo ndiyo iliyoyafanya yaume.

Bernard Williams, mwanafalsafa Mwingereza, alizungumzia mwaka 1976 dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lake lolote. Tunamfariji, tunamwambia si wewe, na ni haki tumwambie. Lakini dereva anayekubali upesi mno kwamba si yeye, akarudi kwenye usukani kana kwamba alikuwa mtazamaji tu, tungemtilia shaka. Kuna majuto ambayo ni ya mtendaji peke yake, hata asipokuwa na hatia, na mtu mwenye akili timamu anastahili kuachwa nayo. Sokoni wanamjua mtu huyu bila Williams; barabara kuu ya Nairobi imepita pale pale Free Area.

Kipande kingine kilikuja bila kukitafuta. Nilikuwa nimemuuliza mara moja tu, kwa nini 2,100 kila wiki? Alisema hajui, ndiyo iliyokaa vizuri mkononi. Wiki nyingine, akisimulia habari mbali kabisa, ugomvi wake na binti wa jirani, alisema binti yule aliwahi kujitolea kulala na mama kwa shilingi 300 kwa usiku, naye akamkatalia kwamba hana. Akanyamaza. Nikaona vidole vyake vinahesabu juu ya goti. "Mia tatu mara saba," akasema, akajishika mdomo.

Mwanafalsafa Adolf Grünbaum, katika kitabu chake cha 1984, aliukosoa uchanganuzi wa nafsi kwa hoja ambayo kila mshauri anapaswa kuiogopa: anachosema mteja chumbani kinaweza kuwa kimepandwa na aliyeketi mbele yake. Naiogopa. Lakini tarakimu ile haikuzaliwa chumbani kwangu. Ilikuwa imeshabandikwa kwenye daftari mara 14 kabla hajanijua, na mia tatu ni yeye aliyeitaja, si mimi. Naikubali, ingawa siapi.

Na ukiikubali, wizi ule unapata uso wa pili. Melanie Klein, mchanganuzi wa nafsi, aliandika mwaka 1937 kwamba mtu aliyemdhuru mpendwa wake ndani ya mawazo husukumwa kumtengeneza upya, kufidia, na kwamba hapo ndipo sehemu kubwa ya wema wetu inapotoka. Mweka Hazina alikuwa anamlipa mlinzi wa usiku. Wiki nzima nzima, usiku saba saba, mshahara unawekwa katikati ya nguo za mgonjwa. Alitaka kuadhibiwa na alitaka kulipa, kwa kitendo kimoja, na kwa pesa za watu ambao hawakuwa na deni lolote katika jambo lile. Ndiyo maana haikuweza kufika mwisho. Aliyekuwa akilipwa hakuwepo, na waliokuwa wakitoa hawakuulizwa.

Siku hiyo sikumwambia huna hatia. Nilimwambia hivi, na nimeyaandika kama nilivyoyasema: "Ulitaka apumzike, na ulitaka wewe upumzike, na kutaka huko kulikuwa kwako. Si kuua. Kijiko ulikisikia na hukuamka. Hilo pia ni lako, si kubwa kama unavyolibeba, wala si dogo kama sisi tulivyokuambia. Pesa za wanawake 22 ni deni la tatu, na halihusiani na mama." Alilia kwa mara ya kwanza tangu mazishi, kwa sauti, hadi mtu wa chumba cha pili akabisha kuuliza kama kuna salama.

Agosti alisafiri Kakamega. Alimweka kaka yake mkubwa kando ya kaburi, akamwambia kuhusu kijiko. Kaka alikaa kimya, akang'oa nyasi kidogo, akasema, "Mimi niliomba hivyo hivyo kila uliponipigia simu." Nilipolisikia nilidhani lingemfariji. Alirudi Nakuru amekasirika. Miezi 19 kaka hakuja hata mara moja, na sasa anakuja na dua! Katika insha ya 1917 kuhusu maombolezo, Freud aliona kwamba lawama ambazo aliyezama kwenye huzuni hujirundikia mara nyingi ni lawama za mtu mwingine zilizopotea njia. Sikumwambia habari za Freud. Nilimwacha akasirike, maana hasira ile ilikuwa imepata anwani yake, na usiku huo, aliniambia, alilala hadi mwadhini.

Nguo za mama amezigawa. Kikombe cha bati amebaki nacho. Uweka hazina aliukataa, na chama sasa kina sharti kwamba daftari hufunguliwa kila Jumapili mbele ya watu wawili. Zile 29,400 zilikwenda benki wiki ile ile zilipopatikana. Faini ya 5,000 ameilipa kwa mafungu ya 500, na kila fungu amedai stakabadhi.